NORMANDY NI MOJA AU NI MBILI?

Makala ya mwanachama, Kidato cha Tatu

Waandishi wenzangu katika toleo hili wamekuandalia mashairi, vitendawili na insha za methali, nami nawapa kongole. Mimi nimechagua kueleza jambo ambalo limezua ubishi mrefu darasani kwetu kuliko mjadala wowote uliowahi kuandaliwa ukumbini, nalo linahusu chombo ambacho hakipo. Hakipo duniani wala angani. Kimo ndani ya gemu tu. Hata hivyo watu wazima wenye kazi na familia zao wamekizozania kwa zaidi ya miaka kumi, na sisi wa Thika na Ruiru hatujaachwa nyuma. Ambaye anaicheza gemu hiyo na hajaimaliza, tafadhali ageuze ukurasa aende kwenye mashairi, manake nitaufichua mwisho wake bila huruma.

Gemu yenyewe huitwa Mass Effect. Ni mfululizo wa hadithi za kubuni za kisayansi uliotungwa na kampuni ya BioWare ya Kanada. Ya kwanza ilitoka mwaka wa 2007, ya pili 2010 na ya tatu 2012. Mwaka wa 2021 zote tatu zilipigwa msasa upya zikatiwa katika mkoba mmoja ulioitwa Legendary Edition, na hiyo ndiyo iliyotufikia wengi wetu kupitia PlayStation 4. Najua vibanda vya gemu vya huku kwetu aghalabu huchezwa kandanda, unalipa mechi unacheza, ukifungwa unampisha mwenzako. Mass Effect haichezeki hivyo. Ina wahusika, ina msuko, ina migogoro na maudhui, na uamuzi unaoufanya katika gemu ya kwanza unakufuata hadi ya tatu kama deni la duka. Ukimwacha mtu afe, amekufa. Hatarudi.

Sasa hapo ndipo suala la mwendelezo linapoingia. Mwalimu wa fasihi akisoma insha yako akute mhusika uliyemzika katika aya ya pili anakunywa chai katika aya ya tano, atachora mstari mwekundu na kuuliza, “Huyu amefufuka lini?” Katika hadithi ya saa arubaini au hamsini, iliyoandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, mistari myekundu haikosi. Na mingi ya Mass Effect imezunguka vyombo vya usafiri.

Normandy ya kwanza, iitwayo SR-1, ni chombo cha anga kilichoundwa kwa ushirikiano wa binadamu na jamii ya viumbe waitwao Turian. Sifa yake kubwa ni kujificha. Angani hakuna kichaka cha kujibanza, kwa sababu chombo chochote chenye injini hutoa joto, na joto katika baridi ile huonekana kama jiko la makaa usiku wa manane. Normandy hulifungia joto lake ndani kwa saa kadhaa, kisha lazima ilitoe la sivyo waliomo wataiva kama viazi. Rubani wake ni Joker, kijana ambaye mifupa yake huvunjika upesi na ambaye maneno yake ni makali kuliko bunduki. Kamanda ni Shepard, ambaye mchezaji huchagua awe mwanamume au mwanamke. (Kiswahili kimeniondolea taabu hapa: nikiandika “alisema” na “akaenda”, sihitaji kuchagua lolote.)

Gemu ya pili inaanza kwa msiba. Normandy inashambuliwa ghafla na chombo cha viumbe waitwao Collectors na kukatwa vipande. Joker anakataa kutoka kwenye usukani, Shepard anamvuta kwa nguvu na kumtia katika kijichombo cha kuokolea, kisha mwenyewe anarushwa nje angani na kufa. Mabaharia ishirini wanakufa pia. Baadaye kundi la siri liitwalo Cerberus linatumia miaka miwili kumfufua Shepard, na alipoweza kusimama anaonyeshwa chombo kipya kikiwa gizani. Taa zinawaka moja baada ya nyingine. Ubavuni kimeandikwa NORMANDY SR-2.

Ni kikubwa karibu mara mbili ya kile cha kwanza. Kina viti vya ngozi, jambo ambalo Joker analisifu mno. Kamanda amepewa chumba chake orofa ya juu, chenye tangi la samaki (nao samaki hufa usipowalisha, nimewaua wengi). Kina EDI, akili ya mashine inayozungumza. Mpangilio wa chumba cha ramani ya nyota umefanywa ufanane na wa zamani, umbo la nje ni lile lile, na rubani ni yule yule. Lakini hakuna hata msumari mmoja uliotoka kwa SR-1. Mabaki ya SR-1 yako mbali, kwenye sayari ya theluji iitwayo Alchera, na kuna safari fupi ambapo Shepard huenda huko peke yake kuokota vibati vya majina ya wale ishirini.

Basi swali: hii ni Normandy, au ni chombo kingine kilichobandikwa jina la marehemu?

Kabla sijajibu, niruhusu nikupeleke Kigoma. Mwaka wa 1913 Wajerumani waliunda meli katika mji wa Papenburg, wakaiita Graf von Goetzen. Kisha wakaibomoa, wakaipakia katika masanduku yapatayo 5,000, wakaisafirisha kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Ziwa Tanganyika, wakaiunganisha upya. Iliingia majini mwaka wa 1915, vita vikiwa vimepamba moto. Mwaka wa 1916, walipoona wamezidiwa, Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi nyingi, kama mtu afichaye kitu akijua atakirudia. Hawakukirudia. Waingereza ndio walioiinua mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Katika miaka ya sabini injini za mvuke ziling'olewa zikatiwa za dizeli. Ikawabeba watu, samaki na magunia ya mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, kwa miongo na miongo.

Ona jinsi mambo yalivyopinduka. Normandy imebaki na jina na kupoteza mwili. Liemba imebaki na mwili na kupoteza jina, bendera, injini na mabaharia. Hakuna mtu wa Kigoma atakayekuambia kwamba Liemba si ile meli ya Wajerumani. Wote husema ni ile ile. Basi kama kinachohesabiwa ni chuma, Normandy ni mbili na mjadala umekwisha.

Kuna jambo jingine kuhusu meli hiyo, nalo linanichekesha. Mwingereza C. S. Forester alitunga riwaya ya The African Queen mwaka wa 1935, ikafanywa filamu mwaka wa 1951, na inasemwa kwamba meli ya kivita ya Kijerumani iliyomo humo ilitokana na hii Goetzen. Katika riwaya na katika filamu meli hiyo inazamishwa na hadithi inaishia hapo. Ya kwetu ya kweli ikazama, ikainuka, ikabeba dagaa. Mtunzi wa gemu angeandika hivyo tungesema amekosa mwendelezo.

Lakini wanaosema Normandy ni moja nao wana hoja, na hoja yao ninaiona kila siku kwenye barabara ya Thika. Matatu kubwa za 237 za Thika na 145 za Ruiru, zile tunazoziita nganya, huanza maisha yao zikiwa fremu ya lori yenye injini na usukani, basi. Mafundi ndio wanaoijengea bodi, viti, madirisha, taa na michoro. Baada ya miaka kadhaa, bodi ikichoka au mtindo ukipitwa na wakati, hubomolewa ikajengwa nyingine, na jina likabadilika. Jana ilikuwa na picha ya mwanamuziki, leo ina picha ya mchezaji wa mpira. Na kinyume chake pia hutokea: mwenye gari anauza nganya yake ya zamani, ananunua nyingine, anaichora jina lile lile. Abiria hawaulizi kitu. Dereva yule, makanga yule, muziki ule, jina lile; kwao gari limerudi. Makanga akiitwa kwa jina la gari, ataitika.

Serikali haikubali ushairi huo hata kidogo. Kwa serikali gari ni nambari ya chesisi na nambari ya injini, zilizoandikwa katika logibuku. Ukibadilisha injini au rangi, sharti uarifu ili rekodi irekebishwe. Kazi hiyo siku hizi iko kwa NTSA. Msomaji atasema haya ni ya makaratasi. Basi na asikie kisa hiki. Mzee mmoja wa mtaani kwetu Ruiru alichukua akiba yake yote, akaongeza mkopo wa chama, akanunua matatu ya abiria kumi na wanne iliyotumika. Ilikuwa safi, imepakwa rangi mpya. Miezi michache baadaye ikakaguliwa barabarani, na nambari iliyogongwa kwenye chuma ikawa haifanani na iliyo kwenye logibuku. Gari likazuiliwa. Aliyeuza alikuwa amekwisha kuzima simu. Matatu ile ilikaa uani ikiota nyasi kwenye magurudumu, na mwanawe mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Mzee yule hakuhitaji kuelezwa maana ya mwendelezo. Alikuwa amenunua gari mbili zilizojifanya moja.

Tena papa hapa Thika tuna kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, ambacho magari huletwa vipande vipande na kuunganishwa, kama Goetzen katika masanduku yake. Miaka ya sabini kiliitwa Leyland Kenya. Mwaka wa 2016 Volkswagen ilizindua humo uunganishaji wa Polo Vivo, na miaka ya karibuni mabasi ya umeme ya BasiGo yameunganishiwa hapo. Mimi hujiuliza: gari lililo katika masanduku lina jina gani? Limekwisha kuwa gari, au bado ni vyuma? Nadhani jibu la kiwanda ni rahisi, kwamba chesisi ikiisha kugongwa nambari, gari limezaliwa.

Nami sasa nitoe hukumu yangu kuhusu Normandy, na wenzangu wanipinge wakitaka. Kwetu Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Baba mtu huweza kumwita mwanawe “baba”, na mama mkwe humtania mjukuu kwa jina la mume wake. Jina limerudi nyumbani, na heshima ya mwenye jina imerudi nalo. Lakini hakuna hata mmoja katika boma hilo anayesahau kaburi la babu liko wapi. Ndivyo nionavyo SR-2. Ni mjukuu aliyepewa jina. Na naona watunzi wenyewe waliona vivyo hivyo, kwa sababu katika gemu ya tatu ndani ya SR-2 kuna ukuta wenye majina ya waliokufa, na yamo majina ya watu wa SR-1. Chombo kilichodai kuwa kile kile kisingejiwekea ukumbusho wa kifo chake.

Tuje kwa Mako, ambalo ni fumbo gumu zaidi ingawa watu hulicheka. Mako ni gari la kivita la magurudumu sita lililobebwa tumboni mwa SR-1 na kuangushwa kutoka angani. Lilikuwa gumu kuendesha katika toleo la kwanza. Likikanyaga kokoto lilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Toleo la 2021 limelituliza. Karibu na mwisho wa gemu ya kwanza, kwenye sayari ya Ilos, panahitajika mita mia moja za uwanja ili liangushwe salama, na pale penye adui pana ishirini tu. Joker anasema ataweza, na kweli anaweza. Kisha Shepard analiendesha Mako hadi ndani ya mlango wa kale unaomrusha mara moja hadi kituo kikuu cha angani, Citadel. Linatua kwa kishindo, linabiringika, na wote wanatoka wakiliacha hapo miguu juu.

Haya. Gemu ya pili: Shepard yuko Alchera, katika mabaki ya SR-1, na amesimama nani pale kwenye theluji? Mako! Limefikaje? Liliachwa Citadel limepinduka. Hakuna mahali ambapo gemu inaeleza. Wengine husema jeshi lililitengeneza na kulirudisha. Wengine husema ni Mako jipya, kwani jeshi halikosi magari. Mimi ningependa sana kuona nambari yake ya chesisi. Nikikisia, nasema ni jipya, maana lile la Citadel lilianguka vibaya na vita vikaendelea juu yake. Lakini hebu fikiria: wachezaji wengi wakilikuta pale husimama kimya kidogo, kama waliokutana na rafiki wa zamani. Ikiwa ni jipya, basi wanamlilia mtu wasiyemjua.

Kuhusu uzito nitapita haraka. Maelezo ya gemu ya pili yanasema SR-2 ni nzito mno, haiwezi kutua kwenye sayari zenye mvutano mkubwa, ndiyo sababu imepewa kijichombo cha Kodiak cha kushusha watu. Hata hivyo mwanzoni mwa gemu ya tatu inashuka Vancouver, duniani kwetu, hadi Shepard anaruka kutoka ardhini akaingia. Wanaoitetea husema kuelea si kutua. Sawa, nimekubali, ingawa mwalimu wa fizikia aliponisikiliza alitikisa kichwa.

Kubwa kuliko yote ni la London. Mwisho wa gemu ya tatu, Shepard na wenzake wawili wanakimbia mtelemko kuelekea mwanga mkali huku jitu la chuma liitwalo Harbinger likiwamiminia moto. Wote wanaanguka. Shepard anaamka peke yake, anajikokota, anaendelea. Kisha, katika picha za mwisho, tunaiona Normandy ikikimbia angani, ikianguka kwenye sayari yenye msitu, mlango unafunguka, na wanatoka watu. Ni nani? Wale wale waliokuwa London dakika chache zilizopita! Walipandaje? Lini? Na kwa nini Joker, ambaye gemu ya pili ilituonyesha hakubali kuacha chombo hata kikiwaka moto, anakimbia vita?

Wachezaji ulimwenguni walikasirika hasa. Hasira ilikuwa na sababu nyingine pia kuhusu uamuzi wa mwisho, lakini hili la Normandy lilikuwa ushahidi ambao mtu yeyote angeweza kuuona. Watu waliokaa na hadithi kwa miaka mitano waliona hawakuheshimiwa. Mnamo Juni 2012 BioWare ilitoa nyongeza ya bure iitwayo Extended Cut. Humo Shepard anaita Normandy, inashuka, majeruhi wanapandishwa, mmoja anakataa kumwacha Shepard na wanaagana. Baadaye amri inatolewa kwamba manowari zote ziondoke, na Joker anaitii kwa shingo upande. Na ule msitu haukuwa mwisho tena, kwa sababu chombo kinatengenezwa na kupaa.

Tundu limezibwa, lakini kiraka kimetoboa pengine. Wakati Normandy imeshuka pale, mlango wazi, watu wakiagana kwa maneno matamu, Harbinger amesimama mbele yao. Yule yule aliyekuwa akifyatua bila kupumzika. Harushi hata cheche. Anangoja waage, waondoke, ndipo aendelee. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara namwona kama dereva wa trela kwenye mzunguko wa Ruiru, aliyesimama kwa adabu kupisha wanafunzi wavuke.

Legendary Edition ilipotoka mwaka wa 2021, walibadilisha uendeshaji wa Mako, sura za watu, mwanga na vivuli. Kituo hicho cha Harbinger walikiacha kama kilivyo. Nami, nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya mwisho ule wa kwanza usio na maelezo na huu wenye jitu lenye adabu, nachagua huu, kwa sababu ya kule kuagana.